Kobe na Boma Lake

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za mnyama ambaye watu wengi humdharau kwa ajili ya upole wake, naye ni kobe. Na khasa twataka kueleza habari za boma lake, yaani ule ua wa nje anamofugwa. Pengine wako kati yenu watakaocheka na kusema: Kobe naye ataka boma? Mnyama ambaye katika hadithi za bibi zetu hutajwa kwa mwendo wake wa polepole, atakimbilia wapi? Jibu letu ni kwamba kobe hakimbii, lakini pia hachoki. Ng'ombe akiona ua hujaribu mara mbili tatu, kisha huenda zake malishoni. Kobe hujaribu leo, na kesho, na mwezi ujao, mahali pale pale, mpaka asubuhi moja mwenye nyumba huamka akaona shimo chini ya ukuta na majani yaliyolazwa kuelekea porini.

Kabla hatujaingia katika mambo ya mawe na chokaa, yatupasa kukumbusha jambo moja la sheria, nasi tutalipita upesi. Kobe wa porini si mali ya mtu aliyemwokota njiani. Kwa sheria ya wanyama wa porini ya Tanzania Bara ya mwaka 2009, na ile ya Kenya ya mwaka 2013, hairuhusiwi kumfuga mnyama wa namna hiyo pasipo kibali cha serikali. Basi haya tuyasemayo ni kwa wale walio na kibali, na wenye bustani za wanyama, na wenye hoteli na shule waliokabidhiwa kobe wa kutunza. Mtu aliyemkuta kobe akivuka barabara, wema wake ni kumvusha upande ule ule aliokuwa akiuelekea, kisha amwache aende.

Sasa tutazame tabia za mnyama mwenyewe, maana fundi asiyemjua mpangaji wake hujenga nyumba isiyomfaa. Kobe ajulikanaye zaidi katika nchi zetu za bara ni yule mwenye madoa, ambaye gamba lake ni la rangi ya manjano lenye mabaka meusi kama ngozi ya chui. Mkubwa wake hupata urefu wa futi 1 na zaidi. Chakula chake ni nyasi na majani, na kama wanyama wengine walao nyasi yampasa kutembea ili ashibe. Dume husafiri akitafuta jike, na jike husafiri akitafuta udongo mzuri wa kutagia. Mvua za kwanza zikinyesha baada ya kiangazi, kobe aliyekuwa mvivu chini ya kichaka huamka kana kwamba ameitwa jina, akalizunguka boma lote akilipapasa kwa pua. Kwa hiyo mwenye kufuga kobe na aukague ukuta wake kabla ya masika, wala asingoje mpaka udongo uwe umelainika, kwa sababu huo ndio wakati mwema wa kuchimba.

Tena kobe ana kumbukumbu, na jambo hili wengi hawalijui. Katika bustani ya wanyama ya mji wa Vienna, nchi ya Austria, wataalamu waliwafundisha kobe wakubwa zoezi fulani kwa kuwapa chakula kama zawadi. Baada ya miaka 9 wakawajaribu tena baadhi yao, na habari zake zikatangazwa mwaka 2019: kobe wale walikuwa hawajalisahau zoezi. Sasa fikirini. Mnyama awezaye kukumbuka kwa miaka 9 mahali apatapo karoti atashindwaje kukumbuka mahali alipoona mwanga chini ya lango?

Basi tuanze na ukuta. Sharti la kwanza, nasi twaliona kuwa kubwa kuliko yote, ni kwamba kobe asiweze kuona nje. Watu wengi huchukua wavu wa waya, ule ule wa banda la kuku, wakauzungusha juu ya vigingi, wakasema kazi imekwisha. Kobe haelewi waya. Kwake yeye, palipo na nyasi zinazoonekana pana njia, na kama njia haipitiki leo basi hajasukuma vya kutosha. Atatembea kando ya waya kutwa nzima, akiusukuma kwa gamba na kuupaparua kwa kucha. Pua yake itachubuka mpaka itoke damu. Na mara nyingine atapitisha kichwa au mguu katika tundu asiweze kuurudisha. Mbele ya ukuta usiopenya mwanga, kobe yule yule hugeuka akaenda kula. Kwa hiyo, mtu ambaye hana uwezo wa kujenga ukuta, naye ana waya tayari, na aufunike upande wa chini kwa mbao au kwa mabati mpaka kimo cha futi 1 na nusu. Gharama yake ni ndogo, nayo itampa kobe raha tangu siku ile ile.

Ua wa mimea haufai kuwa peke yake. Tumeona ua wa minyaa uliositawi vizuri, mtu hawezi kupitisha mkono wake katikati. Lakini chini, penye mashina, pana nafasi za kupita kuku, na pale apitapo kuku, kobe naye atapita. Tena utomvu wa mnyaa ni mkali, wadhuru macho. Katani ni vivyo hivyo: juu miiba, chini milango. Ua wa makuti ni mzuri kwa macho, walakini mchwa huanza kuula kutoka chini, yaani pale pale kobe anapousukuma.

Kwa watu wa mwambao, ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni bora kabisa, ila uso wake wa ndani na upakwe lipu mpaka uwe laini, maana mawe yenye kukwaruza humpa kobe pa kushikiza kucha zake. Kwa watu wa bara, matofali ya kuchoma yafaa. Matofali mabichi hayafai. Mvua huyala chini kidogo kidogo, na kobe husaidiana na mvua. Kimo cha ukuta kisipungue mara moja na nusu ya urefu wa gamba la kobe aliye mkubwa kuliko wenzake. Kwa kobe wa madoa, futi 2 zatosha. Wale kobe wakubwa wa visiwa vya Bahari ya Hindi, ambao dume lake huweza kufika uzito wa kilo 250, hawahitaji ukuta mrefu sana kwa kuwa ni wazito mno kuweza kupanda, lakini wahitaji ukuta mnene. Kobe wa kilo 250 akiegemea kitu, huegemea kweli kweli.

Na msingi je? Hapa mafundi wengi hutuangusha. Fundi aambiwapo kwamba ukuta ni wa kobe, hutabasamu, akapanga tofali lake la kwanza juu ya nyasi. Yafaa mwenye nyumba asimame pale pale mpaka mfereji wa msingi uwe umefika futi 1 kwenda chini. Kobe wetu wa madoa si mchimbaji hodari, lakini jike lake huchimba kwa miguu ya nyuma anapotaka kutaga, na akipenda udongo ulio chini ya ukuta wako hataomba ruhusa. Kuna kobe mwingine, wa nchi za Sahel, tangu Senegal mpaka upande wa Ethiopia, ambaye siku hizi hufugwa sana katika Marekani. Huyo huchimba pango refu kuliko kimo cha mtu, akalala ndani yake wakati wa jua kali. Jamaa zetu waishio huko ng'ambo wakitaka kumfuga, na waongeze msingi mpaka futi 2 au 3, au watandaze mawe mapana ardhini kando ya ukuta kwa upande wa ndani, ili kila anapoanza kuchimba akutane na jiwe.

Sasa tuje kwenye pembe. Msikilizaji, kama huna nafasi ya kukagua boma lote, zikague pembe. Kobe ashindwaye kuupanda ukuta ulionyoka huweza kuupanda ule wa pembeni, kwa sababu huweka mguu mmoja ukuta huu na mguu wa pili ukuta wa pili, akajiinua kama mtu apandaye katikati ya miamba miwili. Na wakiwa kobe wawili, mmoja humfanya mwenziwe kuwa ngazi. Akifaulu, umempoteza. Asipofaulu huanguka chali, na hili ndilo baya zaidi. Kobe aliyelala kwa mgongo hulemewa na matumbo yake mwenyewe, ambayo huyabana mapafu. Na ikiwa ni saa sita za mchana, pasipo kivuli, huenda akafa kabla mtu hajarudi kutoka sokoni. Boma likijengwa kwa mviringo, shida hii haipo. Likiwa limekwisha kujengwa kwa pembe nne, tia jiwe pana juu ya kila pembe lining'inie kwa ndani kama kofia, au jaza pembe kwa mawe na lipu mpaka iwe imezunguka. Wala usiache gogo, wala jiwe, wala chombo cha maji karibu na ukuta. Kila kitu kilicho karibu na ukuta ni kipandio.

Yote hayo yaweza kufanywa vizuri, na bado kobe akapotea, kwa sababu ya lango. Ukuta hauendi kula chakula cha mchana. Lango huachwa wazi na mtu aliyekwenda kula. Katika Uingereza, zaidi ya miaka 200 iliyopita, alikuwako kasisi mmoja katika kijiji cha Selborne, jina lake Gilbert White, mtu aliyependa sana kuwatazama viumbe na kuandika habari zao. Mwaka 1780 alimrithi kobe kutoka kwa shangazi yake, akamweka katika bustani yake, nao walimwita Timothy, ambalo ni jina la kiume; alipokufa ndipo ilipojulikana kuwa alikuwa jike. Bwana White aliandika karibu kila jambo la kobe huyu: wakati wa kulala kwake katika baridi, wakati wa kuamka, na chakula alichokipenda. Hata hivyo, mwezi wa Mei mwaka 1784, lango dogo la bustani lilipokuwa wazi, Timothy alitoka akaenda zake mashambani, akatafutwa kwa siku kadhaa mpaka akapatikana. Kama jambo hili lilimpata mtu aliyemtazama kobe wake kwa makini namna ile, kalamu mkononi, sisi wengine tutasemaje?

Dawa ya lango ni kizingiti. Jenga kizingiti cha futi 1, au zaidi ikiwa kobe wako ni mkubwa, kiasi cha mtu kunyanyua mguu na kuvuka. Lango lenyewe likae juu ya kizingiti hicho, wala chini yake pasionekane mwanga. Kisha lifanywe kujifunga lenyewe. Kamba ipitishwe juu ya mwimo, ifungwe jiwe, na uzito wa jiwe ulivute lango kila mtu anapolipita. Wenye magari ya mkono ya kubebea samadi watanung'unika kwa sababu ya kizingiti. Na wanung'unike. Kadhalika tundu la kutolea maji ya mvua lisisahauliwe; litiwe nondo au wavu mgumu, nalo lisafishwe, maana likizibwa na takataka maji hufurika, yakachukua udongo wa msingi.

Kuhusu ndani ya boma hatutasema mengi, isipokuwa yale yanayohusu kutoroka. Kobe mwenye njaa, au mwenye kiu, au asiye na kivuli, huushambulia ukuta zaidi kuliko mwenzake. Kwa hiyo nafasi iwe kubwa. Kwa kobe wawili wakubwa wa madoa, kwa maoni yetu, isipungue futi 30 kwa 20. Pawe na nyasi zilizoota ardhini, siyo za kutupiwa tu. Pawe na sinia pana la maji lililozamishwa ardhini, la kina kifupi, ili kobe aweze kuingia na kutoka. Na kivuli kisiwe cha ukuta peke yake, kwa kuwa kivuli cha ukuta huhama, na saa sita hakipo. Pandeni kichaka, au ezekeni kibanda cha makuti kilicho wazi pande mbili. Kule Aldabra, kisiwa cha Shelisheli ambako kobe wakubwa huishi kwa maelfu, kobe ashindwaye kufika kivulini kabla ya jua kupanda huweza kufa kwa joto. Ikiwa hivyo ndivyo kwao kwenyewe, sembuse katika ua uliosakafiwa?

Watoto wa kobe wana habari yao peke yao. Mtoto wa kobe wa madoa akianguliwa huwa na urefu wa inchi 2 hivi, na gamba lake ni laini. Adui zake ni kunguru, na nguchiro, na kenge, na panya, na mbwa wa nyumbani ambaye humtafuna kama mfupa. Kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na sasa amejaa mwambao wote, ana macho makali na hana haya. Lakini twamwogopa zaidi siafu. Siafu wakilipita boma usiku, mtoto wa kobe hana pa kukimbilia, na asubuhi utakuta gamba tupu. Basi watoto wasichanganywe na wakubwa. Wawekwe katika kizimba kilichoinuliwa juu ya miguu minne, chenye udongo na majani ndani, na wavu wa matundu ya nusu inchi juu na pande zote, upande wa chini wa wavu ukizibwa kwa mbao kama tulivyokwisha kusema. Kila mguu wa kizimba usimamishwe katika kopo lenye maji na mafuta kidogo juu yake, kama vile mama zetu wafanyavyo kwa kabati la vyakula. Makopo hayo yatazamwe kila jioni. Jani moja lililoangukia kopo ni daraja.

Mpaka hapa tumesema jinsi ya kumzuia kobe asitoke. Lakini kila boma lina pande mbili, na adui mkubwa wa kobe afugwaye ana mikono miwili na gunia. Katika hili hatuna haja ya kutafuta mifano ya mbali, kwa maana mfano mkubwa uko hapa hapa Unguja.

Kiko kisiwa kidogo kiitwacho Changuu, kama kilometa 5 na nusu kutoka Mji Mkongwe. Wageni hukiita Kisiwa cha Gereza, kwa sababu gereza lilijengwa huko mwaka 1893, ingawa halikutumiwa kufunga wafungwa. Baadaye kisiwa kilifanywa karantini ya wasafiri wenye maradhi. Mwaka 1919 gavana Mwingereza wa Shelisheli alipeleka huko zawadi ya kobe 4 kutoka Aldabra. Kobe wale waliachwa kutembea kisiwani, na kwa kweli mtu angefikiri kwamba hakuna boma bora kuliko hilo: bahari pande zote, wala hapana lango la kusahauliwa wazi. Bahari si ukuta kamili. Mwezi wa Desemba mwaka 2004 kobe mmoja wa namna hii aliibuka akitembea ufukweni Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, miguu yake imeshikwa na wale viumbe wa baharini washikao magogo na mashua, na wataalamu waliomtazama walikata shauri kwamba alikuwa ameelea majuma mengi, labda kutoka Aldabra yenyewe, mwendo wa kilometa 700 na zaidi. Hata hivyo kobe wa Changuu walikaa. Walizaana, na kufika mwaka 1955 walikuwa wamekaribia 200.

Kisha walianza kupungua, wala si kwa kuogelea. Watu walikuja kwa mashua wakawachukua. Wengine waliuzwa nchi za nje kama wanyama wa kufuga, na wengine waliliwa. Mwaka 1988 walikuwa wamebaki kama 100. Mwaka 1990 walikuwa 50. Mwaka 1996 walihesabiwa 7. Tafadhalini sikilizeni hesabu hiyo mara ya pili: kutoka 200 hadi 7, katika kisiwa ambacho mtu mzima hukizunguka kwa miguu kwa muda mfupi. Mwaka ule ule wa 1996 watoto 80 walipelekwa Unguja ili idadi iongezeke, na katika hao 40 walitoweka. Mtoto wa kobe hutiwa mfukoni kama embe dogo, na mnunuzi wa mbali humpenda zaidi kwa sababu ya udogo wake.

Ndipo serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na chama cha kimataifa cha kulinda wanyama, ilipojenga boma kubwa kisiwani. Matokeo yake yalionekana upesi: mwaka 2000 walikuwako wakubwa 17, wa makamo 50, na watoto 90. Angalieni kwamba boma lile halikujengwa kwa kuogopa kobe watoke. Bahari ilikuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1919. Lilijengwa ili mtu akitaka kumwendea kobe apite mahali pamoja, penye mlinzi, na ili kobe wahesabike. Na hasara yenyewe haikuponyeka kwa boma pekee. Kobe wa Aldabra hafikii umri wa kuzaa upesi kama mbuzi. Huchukua miaka 20 au 30. Aliyeibwa mwaka 1990 akiwa mkubwa, badala yake huenda alikuwa bado kuzaa miaka 20 baadaye.

Kutokana na habari hizo mwenye kobe wachache nyumbani aweza kujipatia mambo ya kufanya. Boma liwe mahali panapoonekana kutoka dirishani au barazani, lisiwe nyuma ya nyumba ng'ambo ya choo. Lisionekane kutoka barabarani. Watoto walazwe ndani ya chumba chenye kufuli. Kila kobe na apigwe picha, ya juu na ya tumboni, kwa kuwa mistari ya gamba haifanani kati ya kobe na kobe. Na siku hizi daktari wa mifugo aweza kumtia chini ya ngozi kijidude kidogo chenye namba, ambacho mwizi hakioni. Na mtu akija kununua kobe asiye na kibali, akaonyesha fedha nyingi, na afukuzwe. Kobe bapa wa mawe, yule wa majabali ya Kenya na Tanzania ambaye gamba lake ni jepesi kama mkate, amewindwa mno na wafanya biashara hao hata mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kumtia katika daraja la kwanza la wanyama wasiouzwa nje. Huyo, tena, ni mpandaji hodari. Kuta zote tulizozieleza angezipanda. Mahali pake ni majabalini.

Hatuna budi kutaja na ile desturi ya kutoboa gamba, maana bado ipo. Watu hutoboa tundu ukingoni mwa gamba, wakapitisha kamba au waya, wakamfunga kobe mtini kama mbuzi, wakijiona kuwa wameokoa gharama ya ukuta. Huo ni ukatili, tena si kinga. Gamba la kobe si kama kofia aliyoivaa. Ni mfupa wake, uliounganika na mbavu na uti wa mgongo, nao una damu na maumivu. Tundu huingia uchafu, mfupa ukaoza. Kamba hujizungusha mguuni mpaka mguu ukafa. Na mbwa akija, kobe aliyefungwa hana hata kichaka. Mtu asiye na uwezo wa boma, bora asiwe na kobe.

Lililobaki ni hesabu ya jioni. Kila siku, kabla ya magharibi, mtu mmoja ajulikanaye kwa jina apite bomani akawahesabu kobe, akiwatazama kwa macho, siyo kwa kukisia kwamba yule wa tatu yumo kichakani. Apitapo, aukanyage udongo kandokando ya ukuta. Mahali palipolegea patajulikana kwa mguu kabla ya kujulikana kwa jicho. Kobe huchimba haba na haba, na mtu aonaye shimo la inchi 3 leo hatatafuta mnyama mwituni kesho kutwa.

Na akiwa amekwisha kutoka? Asitafutwe kwa kukimbia huku na huku. Kwanza tazama mahali alipokuwa akisukuma siku zilizopita, toka nje kwa upande ule, ukafuate mstari ule ule, kwa sababu mara nyingi kobe huendelea kuelekea alikotaka kwenda tangu mwanzo. Tafuta asubuhi mapema na alasiri. Mchana huingia chini ya vichaka na majani makavu akatulia kama jiwe, na watu watampita hatua mbili wasimwone. Waambieni watoto wa jirani, maana wao huona chini kuliko sisi. Mvua ikinyesha tokeni tena, hata kama siku nyingi zimepita. Akipatikana, msimrudishe bomani mpaka tundu limekwisha kujazwa mawe na kushindiliwa, kwa maana atakapowekwa chini atakunywa maji, atapumzika kidogo, kisha ataelekea pale pale.